Ufunguo Uko Chini ya Zulia

Benchi letu liko nje ya mkahawa wa Bi Kalliopi, limeegemea ukuta, limetazama gati. Ukikaa hapo unamwona kila anayeingia kisiwani na kila anayetoka. Anayeingia tunamjadili, anayetoka tunamsema. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne kama kawaida. Kulikuwa na Kapteni, jina lake Stratis, ambaye baharini alikaa jikoni akimenya viazi mpaka alipostaafu, lakini thubutu kumwita mpishi. Kulikuwa na Wakili, yaani Pandelis, ambaye sheria hajaisoma ila ameshawashtaki majirani wa kulia na wa kushoto kwa ajili ya mpaka wa ukuta. Kulikuwa na Redio, ambaye kaka yake ana gari la samaki, na yeye mwenyewe hana kazi na hana siri. Na mimi kinyozi, duka langu mlango wa pili. Nisipokuwa na kichwa cha kunyoa nakaa nao, si kwa kupenda, ni kwa kukosa pa kwenda. Mbele yetu lilisimama gari dogo jeupe la kukodi. Bampa la nyuma lilikuwa linaning'inia, taa ya kulia imepasuka, na pale palipopasuka pameachwa rangi ya bluu. Evanthia alikuwa amechuchumaa nyuma ya hilo gari, haongei na mtu.

Huyu Evanthia ni mpwa wake Kapteni. Kapteni alimlea tangu akiwa wa kushikwa mkono kwenda shule, na wenzake wote wa rika lile walishakwenda zao mjini, kabaki yeye. Kazi yake ni kuyafuata magari ya kampuni moja ya kule Hora, mji mkuu wa kisiwa. Mteja akimaliza safari yake analileta gari bandarini, anafunga madirisha kwa sababu ya chumvi, milango anaiacha wazi, ufunguo anauweka chini ya zulia la dereva, basi. Evanthia anakuja na pikipiki, analichukua. Siku zote ndivyo hivyo na hakuna aliyewahi kuuliza, kati ya zulia na Evanthia, gari huwa la nani. Siku hiyo ndiyo likaulizwa.

— Bosi wako kasemaje kwenye simu? akauliza Kapteni.

— Kasema mteja akishaweka ufunguo chini ya zulia, yake yamekwisha. Kuanzia hapo gari liko mikononi mwa aliyetumwa kulichukua.

— Aliyetumwa nani?

— Mimi, mjomba.

— Lakini si ulikuwa hujafika!

— Ndiyo kosa lenyewe. Nilichelewa.

— Ulichelewa wapi?

— Duka la dawa.

Hapo Wakili akajishika mfuko wa shati, mlimokuwa na vidonge vyake vya presha, alivyoletewa muda si mrefu. Huyu binti kila asubuhi hutuletea dawa kutoka Hora, nusu ya bandari.

— Kasema nilipeleke kabla ya mchana, nikaeleze, akaendelea Evanthia. Hii ni mara ya pili, mara ya kwanza ilikuwa ile pancha. Nisipokuwa na la kueleza, nivue shati lao niliache palepale. Dada ananiita Athens, keshaniwekea kitanda.

Kapteni akapiga funda la kahawa akameza mpaka machicha.

— Haendi mtu Athens, akasema. Hili tutalitatua hapahapa. Redio, anza.

— Mimi naanza na ile bluu, akasema Redio. Tukimpata mwenye bluu, tumempata mwizi.

— Mwizi gani? Kuna kilichoibiwa?

— Taa haipo.

— Haya, bluu, akasema Wakili akihesabu kwa vidole. Mlango wa kanisa, bluu. Boti za watu wote, bluu. Viti vya Bi Kalliopi, bluu. Na hili benchi ulilolikalia ni bluu. Hebu inuka tukukague suruali.

Redio akainuka kweli, akajitazama nyuma, akakaa.

— Basi ni upepo, akasema. Jana upepo ulivuma, uongo?

— Ulivuma.

— Kule kwa binamu yangu friji liliruka ukuta.

— Tupu?

— Lina mtindi ndani! Sasa gari hili dogo litaushinda upepo? Upepo umelinyanyua, umelibamiza kwenye mlango wa kanisa, umelirudisha.

— Ukaliegesha sawasawa hivi?

— Upepo wa kwetu una adabu.

Bi Kalliopi alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Mama huyu akifungua mdomo, jua kuna mtu anaumbuka.

— Na breki ya mkono, akauliza, nayo imevutwa na upepo?

Redio akaomba kahawa nyingine, sukari kiasi.

— Tulieni, akasema Wakili, akajiweka vizuri kana kwamba benchi ni kizimba. Hapa mnazungumzia aliyegonga. Kosa kubwa. Swali la kisheria ni mwenye gari. Mteja keshaacha ufunguo, gari si lake tena. Kampuni haijalipokea, si lao. Evanthia hajafika, si lake. Je, wakati ule gari lilikuwa la nani?

— La nani?

— La hakuna.

— La hakuna litavunjikaje?

— Linavunjika kama mengine. Ila hakuna wa kulia.

— Mimi nalia, akasema Evanthia kule chini.

— Subiri binti, sijamaliza, nakutetea. Kitu kisicho na mwenyewe, kikiwa nchi kavu ni cha aliyekiokota. Kikiwa majini, ni cha serikali. Gati limejengwa wapi?

— Majini!

— Ahaa! Basi hilo lilikuwa gari la serikali. Taa hii ni ya waziri wa bahari.

— Haya mpigie.

— Namba yake sina. Nakupa sheria, sikupi namba.

Nilimtazama Kapteni. Kwa kawaida Wakili akianza hayo mambo, Kapteni ndiye wa kwanza kumzomea. Siku hiyo alikuwa ameinamia kikombe, anakizungusha, kisha akainua kichwa ghafla.

— Wote mmekosea, akasema. Gari halikugonga kitu. Kitu ndicho kilichogonga gari.

— Kitu gani?

— Kisiwa.

— Mungu wangu, akasema Bi Kalliopi.

— Cheka tu mama, mimi nimesafiri. Hivi visiwa vinatembea. Chini huko kuna moto, na juu ya moto kuna mawe, na mawe yanasogea. Gari limesimama zake, halina habari, kisiwa kikajongea, nguzo ikaja, paa!

— Nguzo ipi?

— Nguzo yoyote. Nimesema nguzo kwa mfano. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Sasa hiyo inaingiaje?

— Gati limelowa, hulioni?

Redio alikuwa hakubali kushindwa na kisiwa.

— Nawaambia, kuna watu wanatumwa. Wanatoka nje huko, wamevaa kofia. Wanayagonga magari kwa makusudi ili waone kama wafanyakazi ni waaminifu. Rafiki yake kaka yangu alimwona mmoja kule Hora, ananunua tikiti maji.

— Tikiti maji ndiyo ushahidi?

— Alikuwa hajaonja! Mtu gani ananunua tikiti bila kuomba aonje?

Hilo kidogo lilitushika. Hata Wakili alifikiri kidogo. Kisha Redio mwenyewe akaliacha, maana alikuwa ameona njia fupi zaidi.

— Au tusijisumbue, akasema. Ni yule mteja. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Hiyo methali maana yake asiyekuwepo hana haki, si kwamba ana hatia.

— Kama haki hana, atakuwa na nini? Mimi nilimwona juzi akipita nalo. Mama wa makamo, nywele nyeupe kazikata kama mvulana. Hata salamu hakutoa. Mtu wa hivyo amegonga, ameweka ufunguo, kapanda meli ya alfajiri, sasa hivi yuko zake mjini anakula samaki na anatucheka.

— Wageni ndivyo walivyo, akasema Wakili.

— Hawana uchungu na mahali, akasema Kapteni haraka haraka.

— Alinipigia asubuhi kunishukuru, akasema Evanthia. Alinisemesha vizuri.

— Mwenye hatia ndiye anayeshukuru! Asiye na hatia anaondoka tu.

Tukakubaliana wote, na nilikubali na mimi, sitaki kujitoa. Ilikuwa raha. Mtu keshaondoka, hasikii, hajitetei, na mtoto wetu anaponea kwake. Wakili akaanza hata kumpangia Evanthia maneno ya kwenda kusema kwa bosi.

Ndipo akateremka mwanamke kwenye kichochoro cha juu, na kikapu cha nyanya mkononi, na mkate chini ya kwapa. Nywele nyeupe, zimekatwa kama mvulana.

— Habari za asubuhi, akasema. Naweza kupata kahawa hapa?

Redio alipaliwa, Wakili ikabidi amgonge mgongoni.

— Karibu mama, kaa, akasema Bi Kalliopi, akamvutia kiti. Wewe si ndiye uliyekuwa na hili gari?

— Ndimi.

— Hawa hapa walishakupandisha meli.

— Meli ya kwenda wapi? Nimekuja kukaa. Ile nyumba ya juu penye mtini ilikuwa ya bibi yangu, nimeirithi, nimeshahamia. Naitwa Marianthi. Gari nimelirudisha kwa sababu silihitaji tena, dukani nafika kwa miguu.

Sasa hilo, nakuapia, halikumpitia mtu kichwani. Kwetu hapa anayeacha gari bandarini anaondoka. Tangu magari ya kukodi yaingie kisiwani humu, hakuna aliyewahi kuacha ufunguo chini ya zulia halafu akapanda mlima kwenda kupika.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Redio, masikio mekundu.

Bi Marianthi hakumsikia, au alijifanya. Alikuwa ameliona bampa. Akaweka kikapu chini, akalizunguka gari, akainama pembeni ya Evanthia, akaigusa ile taa.

— Jamani! Limefanywa nini?

— Ndiyo tunayoyazungumza, mama, akasema Wakili. Ni suala zito.

— Lakini mbona liko hapa?

— Hapa wapi?

— Hapa. Mimi nililiacha kule kanisani, chini ya mnara wa kengele.

Tukageuza shingo wote wanne kutazama kanisa, kana kwamba hatulijui lilipo. Liko mwisho wa gati, upande wa pili kabisa. Evanthia akasimama.

— Kweli, akasema. Aliniambia kanisani. Nimelikuta hapa, na wasiwasi ukanifanya nisifikiri. Nani alilileta hapa?

Bi Kalliopi akaweka sinia juu ya meza, akakunja mikono.

— Redio, akasema. Wewe hunyamazi hata ukilala.

— Mimi nilisogeza haba tu! akasema Redio. Haba na haba hujaza kibaba, lakini yangu ilikuwa haba moja! Gari la samaki lilikosa pa kugeukia. Nikaangalia chini ya zulia, ufunguo upo, nikasogeza. Si ndiyo desturi? Gari likikuzibia, unalisogeza, unarudisha ufunguo. Kila mtu anafanya.

— Ukaliweka wapi?

— Pale kwa Wakili.

— Mlangoni kwangu! akapaza Wakili. Nimeamka nimefungua mlango, nimekutana na bampa. Nina kesi ya miaka na jirani kwa ajili ya huo mlango, halafu niukute umezibwa na kitu cha hakuna? Nikalitoa.

— Ukalipeleka?

— Ukingoni mwa gati.

— Ukingoni! Na yale mawimbi?

— Ukingoni si kwangu. Na nilipoliacha lilikuwa zima. Nadhani. Nyuma sikutazama.

— Mimi pia nyuma sikutazama, akasema Redio. Nani anatazama nyuma?

— Na kutoka ukingoni mpaka hapa? akauliza Evanthia.

Nilijua anayefuata ni nani. Kapteni alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti.

— Lilikuwa linapigwa na chumvi, akasema. Wimbi likija linalimwagikia lote. Nikajua atakayeliosha ni wewe.

— Mjomba. Uliendesha wewe?

— Hatua chache tu.

— Mjomba, daktari alikunyang'anya leseni. Mimi ndiye niliyekupeleka. Jicho la kulia huoni.

— La kushoto naona vizuri. Na sikuwa peke yangu, kinyozi alikuwa mlangoni ananielekeza. Njoo, njoo, bado, njoo.

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetoa shukrani. Na ni kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni na wembe mkononi, sabuni imejaa kwenye shavu la mteja, nikimwonyesha kwa mkono arudi nyuma. Njoo, njoo. Kisha mteja akaniita, sabuni inamkaukia, nikaingia ndani. Neno la kumsimamisha sikulisema. Tangu asubuhi nilikuwa nimekaa hapo najiambia kwamba mtu mzima anajua kusimama mwenyewe.

— Kisha? akauliza Evanthia.

— Kisha nikasikia kishindo, akasema Kapteni. Nikadhani ni bahari.

Bi Kalliopi akatembea mpaka kwenye nguzo ya taa iliyo konani mwa mkahawa, ile anayofungia kamba ya turubai. Baraza la mji liliipaka rangi ya bluu kabla ya Pasaka. Akainama, akapitisha kidole kwenye mchubuko mweupe, usawa wa goti.

— Hii hapa bahari yako, akasema.

Kapteni alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Nilimhurumia.

— Sikilizeni, akasema Wakili kwa sauti ya chini. Tusiharibu. Hapa hakuna aliyesema kitu na hakuna aliyesikia kitu. Akitangulia mmoja kusema, ndiye atakayebebeshwa mzigo wote. Na Kapteni kaendesha bila leseni, hilo si la kampuni tena, hilo ni la polisi.

— Nitasema ni mimi, akasema Evanthia.

— Wewe?

— Nitasema nimelikuta zima, nikarudi nyuma vibaya, nikagonga nguzo.

— Watakufukuza.

— Watanifukuza kwa vyovyote. Angalau mjomba atalala kwake.

Akaingia ndani kwa Bi Kalliopi kutafuta kamba ya kufungia bampa. Alipotoka nayo, Kapteni alikuwa ameshasimama. Alilizunguka gari polepole, kiganja kwenye bodi, akafungua mlango wa mbele wa abiria, akakaa, akaweka kofia mapajani.

— Shuka, mjomba.

— Sishuki.

— Utawaambia nini?

— Nitawaambia nilivyofanya. Nimekulea nikikuchapa ukisema uongo, Evanthia. Siwezi kukuacha uende kusema uongo kwa ajili yangu.

— Watakupeleka polisi.

— Naogopa wewe uende Athens, siwaogopi polisi. Funga bampa, tutachelewa.

Evanthia akajifuta macho kwa mkono wa shati la kampuni, akapiga magoti nyuma ya gari, akaanza kufunga. Kamba ilikuwa fupi, ikabidi aiunganishe.

Kahawa ya Bi Marianthi ikaja. Akainywa kidogo, akaitazama nafasi iliyobaki wazi kwenye benchi, akatutazama sisi watatu, mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

— Samahanini, akasema. Lile gari, nyuma linakaa watu wangapi?

Alikuwa ameliendesha wiki nzima, mama yule, alijua wanatosha watatu. Redio, ambaye hujibu hata asichoulizwa, aliomba kahawa nyingine. Wakili alikuwa anatafuta kitu mfukoni, anatoa vidonge, anavirudisha. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu.

Evanthia akakaza fundo la mwisho, akazunguka, akaingia kwenye usukani. Akawasha gari, na sisi bado tumekaa.